Wasomaji Wauliza: Nyimbo za Kupumzikia Jumamosi na Jumapili

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watutajie nyimbo wanazozisikiliza siku za mapumziko, na waulize lolote linalowatatiza kuhusu nyimbo hizo. Barua zilizofika ni nyingi kuliko kurasa tulizo nazo, kwa hiyo nimechagua chache zenye maswali yaliyojirudia katika barua nyingine. Walioleta orodha ndefu za nyimbo bila swali lolote wasidhani tumewapuuza, kwa maana baadhi ya nyimbo walizozitaja zimeingia katika majibu haya.

Swali: Ndugu mwandishi, pokea salamu kutoka Dodoma. Mimi ni mtumishi wa ofisi, na kwa siku tano mfululizo hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Jumamosi ikifika nataka kutulia na muziki, lakini simu yangu hunipangia nyimbo za kelele moja baada ya nyingine, na ikifika saa sita mchana ninakuwa nimechoka kuliko nilivyoamka. Niliwaomba wenzangu wanitajie nyimbo za polepole. Wakanitajia nyingi, na zote kwa pamoja zinanilaza usingizi. Nyimbo za kupumzikia ni zipi hasa, na zipangweje?

Jibu: Ahsante kwa salamu. Wenzako wamekupa ushauri ambao karibu kila mtu angeutoa, kwamba wimbo wa kupumzikia lazima uwe wa polepole, na ndiyo maana orodha yako imegeuka dawa ya usingizi. Kwa maoni yangu mwendo wa wimbo si jambo la kwanza la kuangalia. Wimbo humpumzisha mtu unapoachwa uanze, uende na ufike mwisho wake bila kurukwa, na unapooana na saa uliyo nayo na kazi iliyo mikononi mwako. Simu yako inakuchosha kwa sababu kila baada ya dakika tatu inakuletea mwimbaji mwingine, ala nyingine na hasira nyingine, na sikio halipati mahali pa kukaa.

Jumamosi asubuhi, wakati wa kufua na kufagia, ipe muziki wa dansi wa zamani. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, wengi wao wakiwa wametoka Tanzania. Mara ya kwanza yaache maneno kando usikilize magitaa peke yake. Gitaa la solo la John Ngereza huingia na kutoka, gitaa la besi la Tom Malanga hutembea chini bila papara, na katikati yake lipo gitaa la ridhimu la Omar Shabani, aliyejulikana kwa jina la Profesa, ambalo hushikilia mzunguko wake kwa upole kiasi kwamba unaweza kuusikiliza wimbo mara nyingi kabla hujagundua kuwa ndilo lililoubeba. Wimbo huo si wa polepole hata kidogo, na katika kumbi za Afrika Mashariki watu wameucheza kwa miaka mingi. Hata hivyo, hakuna mahali ambapo unamfokea msikilizaji.

Dansi la Tanzania lina faida nyingine kwa mtu mwenye kazi za nyumbani. Nyimbo nyingi za bendi zetu zimejengwa kwa sehemu mbili: ya kwanza ni ya kuimba, ambamo kisa husimuliwa taratibu, na ya pili ni chemko, ambamo maneno hupungua, magitaa hupokezana, na tarumbeta na saksafoni huitikia. Jaribu "Neema" ya DDC Mlimani Park, iliyoimbwa na Cosmas Chidumule kabla hajageukia nyimbo za Injili, kisha "Zuwena" ya Marijani Rajabu na Dar International. Kisa kitakushika ukiwa umeinama kwenye beseni, na chemko itakukuta ukianika nguo kwenye kamba. Nyimbo za namna hiyo zina urefu wa kutosha kumaliza kazi moja kamili, na kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko upole wa sauti.

Saa saba mchana zima kila kitu. Nasema hivyo kwa kusudi, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuuacha muziki uendelee hadi tunasahau kwamba upo, na sikio lililojaa halitofautishi tena wimbo mzuri na kelele za bodaboda barabarani. Kula chakula chako katika ukimya. Alasiri ni saa ya taarab, ambayo nitaieleza kwa urefu katika barua inayofuata. Jioni wageni wakiwapo, "Vunja Mifupa" ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga ina kazi yake; mwimbaji huyo alizaliwa Kongo, akapitia Uganda na kuweka makao Nairobi, na Kiswahili chake kina ladha ya safari hiyo.

Jumapili asubuhi sina haja ya kumfundisha mkazi wa Dodoma habari za kwaya. Nitasema tu kwamba "Hakuna Mungu Kama Wewe" ya Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama bado haijapata mpinzani wa kweli kwa saa hiyo, na kwamba wenye umri mdogo nyumbani mwako watakusikiliza zaidi ukiwawekea "Kuliko Jana", ambayo Sauti Sol wa Kenya waliiimba pamoja na RedFourth Chorus mwaka 2015. Alasiri yake mpe nafasi Fundi Konde, mwana wa pwani ya Kenya aliyezaliwa mwaka 1924 na kuwatumbuiza askari huko Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. "Tausi Ndege Wangu" ni wimbo mwepesi wa gitaa, na hauhitaji chochote zaidi ya kiti na kivuli.

Kuhusu simu yenyewe, ingia katika mipangilio uzuie nyimbo zisijiendeleze zenyewe, pakua nyimbo nane au kumi usiku wa Ijumaa, kisha uzime data. Bando lako litapona, na hakuna mashine itakayokuchagulia wimbo unaofuata.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mkazi wa Mombasa, na mume wangu alizaliwa na kukulia bara. Kila Jumamosi alasiri nikiweka taarab yeye huinuka akatoka nje, akidai kwamba taarab ni ya harusini, ya wanawake wanaorushiana vijembe, na kwamba haimwachi mtu akapumzika. Nataka kumchagulia nyimbo chache zitakazomweka kitini. Nianzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Shemeji yetu ana hoja, isipokuwa ameijua nyumba kwa chumba kimoja tu. Anachokikimbia ni taarab ya kisasa, ile ya kinanda cha umeme na mipasho ambayo East African Melody waliipa nguvu katika miaka ya 1990 na Jahazi chini ya Mzee Yusuf wakaiendeleza. Muziki huo umetengenezwa kwa ajili ya ukumbi: watu wainuke, wasogee mbele, wamtunze mwimbaji noti mkononi, na anayelengwa na ubeti ajue kwamba amelengwa. Siudharau, na ukumbini nami huinuka. Lakini kuuweka sebuleni baada ya chakula cha mchana, mbele ya mtu anayetaka kulala kidogo, ni kumwonea.

Mwanzishie kwa udi. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kuishi Mombasa, alipiga ala hiyo kwa ustadi ambao haujapata mrithi wa wazi katika pwani ya Kenya. Shingo ya udi haina vigawanyo vya chuma kama vya gitaa, kwa hiyo kidole huteleza kutoka noti hadi noti, na mpigaji mahiri hukaa katikati ya noti mbili pale ambapo gitaa haliwezi kukaa. Katika nyimbo za Zein ngoma ni chache na nyepesi, udi hutangulia peke yake kana kwamba unatafuta njia, kisha shairi linaingia. Na ni shairi kweli, lenye vina na mizani, aghalabu katika Kiamu au Kimvita kizito ambacho mtu wa bara hawezi kukifuata chote. Hapo ndipo unapohitajika wewe. Usimfasirie wimbo mzima. Mweleze ubeti mmoja tu unaoupenda na sababu ya kuupenda, halafu nyamaza umwache ausubiri. Mtu anayejua kwamba kuna ubeti unakuja haondoki kitini.

Baada ya Zein mwekee Juma Bhalo. Yeye aliyachukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya maumivu ya mapenzi. Ikiwa mumeo aliwahi kukaa mbele ya filamu hizo utotoni, kama walivyokaa wengi katika miji ya bara, atayatambua mahadhi fulani na kuuliza mwenyewe ameyasikia wapi. Swali hilo likitoka kinywani mwake, kazi yako imekwisha nusu.

Kisha vuka mpaka uende Tanga. Taarab ya Tanga ilipunguza fidla na kukaribisha magitaa, hivyo mtu aliyelelewa na muziki wa dansi huingia humo bila kujihisi mgeni. Msikilizishe Shakila, mwimbaji aliyeng'ara katika Black Star na Lucky Star, katika "Macho Yanacheka". Sauti yake haipandi juu kwa lengo la kumshangaza mtu, na gitaa la besi linazunguka chini yake kwa utulivu ambao hata mpenzi wa rumba angeutamani. Shakila alifariki mwaka 2016, na bado sijamsikia mwimbaji wa kike anayeweza kusema jambo zito kwa sauti nyepesi namna ile.

Unguja uiache mwisho, kwa sababu inataka subira. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, kikundi cha Culture kikafuata mwaka 1958, na vikundi vyote viwili hukusanya fidla nyingi, akodiani, udi, ngoma ndogo na kanuni, ile ala ya nyuzi zinazozidi sabini ambayo mpigaji huipakata au kuilaza mezani na kuidonoa kwa vidole vya shahada vilivyovishwa vipande vya kudonolea. Mara nyingi hufungua kwa bashraf, yaani muziki wa ala bila mwimbaji. Mtu aliyezoea redio ataona wimbo umechelewa kuanza. Mwambie mapema kwamba huo ndio mwanzo wenyewe, na umwombe aishike ala moja, tuseme kanuni, na kuifuata hadi mwisho. Bashraf inayofuatwa kwa ala moja ni kati ya mambo yanayotuliza akili kuliko yote ninayoyajua katika muziki wetu.

Rekodi za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri, mwonyeshe siku atakayokuwa ameshapenda. Zina mkwaruzo mwingi, na mgeni husikia mkwaruzo kabla ya kusikia sauti. "Muhogo wa Jang'ombe" unaweza kumpa kwanza kwa sauti ya Bi Kidude, aliyeurithi kutoka kwa Siti na kuuimba hadi uzeeni. Alifariki mwezi Aprili mwaka 2013. Hata huo usiutangulize. Sauti ya Bi Kidude ni kavu na yenye nguvu, inamwamsha mtu, na wewe unataka shemeji akae.

Alasiri ya kwanza usizidishe nyimbo nne. Wimbo mmoja wa taarab unaweza kupita dakika kumi, na mwenyeji anayempakulia mgeni sinia zima humfukuza mezani.

Swali: Shikamoo mzee. Niko Morogoro, nina umri wa miaka ishirini na mmoja. Babu yangu hupenda kunisimulia habari za Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, na Jumapili humtafutia nyimbo hizo kwenye simu. Tatizo ni kwamba nyimbo kadhaa hukatika ghafla, sauti ikififia pale tu magitaa yanapoanza kuchangamka, na babu hukasirika akidhani nimezikata mimi. Kwa nini iko hivyo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwambie babu kwamba huna hatia, kisha mkumbushe sahani ndogo za santuri za mizunguko 45 kwa dakika, kwa sababu yeye bila shaka aliwahi kuzigeuza kwa mkono wake. Upande mmoja wa sahani hiyo haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache, ilhali wimbo wa dansi ulihitaji muda mrefu zaidi. Watayarishaji waliugawa wimbo mara mbili: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Sauti ilififishwa mwishoni mwa upande wa kwanza, msikilizaji akainuka, akageuza sahani na kuendelea. Miaka mingi baadaye mtu akauhamishia wimbo kwenye kompyuta, akachukua upande mmoja tu na kuuweka mtandaoni, na ndio huo unaokukatikia.

Unapotafuta, angalia kama jina la wimbo limefuatwa na namba 1 au 2, utafute nusu ya pili, na uzipange zifuatane. Jambo jingine linalofaa kujulikana ni kwamba bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na huko wimbo uliingia kwenye utepe, ambao haukuwa na kikomo cha upande wa sahani. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na sura mbili, ya redio na ya santuri, zikitofautiana urefu na hata mpangilio wa ala. Babu akikwambia kwamba wimbo aliousikia ujanani ulikuwa mrefu kuliko huu, mwamini.

Mbaraka alifariki katika ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari mwaka 1979, akiwa ameshaondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Ukitaka kumfurahisha babu Jumapili ijayo, weka "Shida" ya Super Volcano kisha usiseme neno. Mwache aseme yeye.

Swali: Sisi ni jamaa tunaoishi Muscat, wengi wetu asili yetu ikiwa Unguja na Pemba. Tuna kundi la simu ambalo kila Alhamisi jioni, kabla ya mapumziko yetu ya Ijumaa na Jumamosi, tunatumiana nyimbo. Mwanzoni lilikuwa jambo la furaha. Siku hizi mtu mmoja huleta nyimbo ishirini kwa mkupuo, hakuna anayezisikiliza, na wengine wameamua kunyamaza. Tufanyeje bila kumvunjia mtu heshima?

Jibu: Waliosikiliza redio za Kiswahili katika miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka kadi za salamu. Kadi ilikuwa na nafasi ndogo: jina la mtumaji na mahali alipo, majina ya anaowasalimia, na wimbo mmoja aliouomba. Wapiga salamu walijifunza kuandika kwa mwandiko wa kubana ili majina ya shangazi, mashemeji na wenzao wa shule yaenee, lakini wimbo ulibaki mmoja. Kadi ilipelekwa kwa posta, ikasubiriwa, na siku iliposomwa jirani alikimbia kuita kwamba umetajwa. Ule wimbo ulikuwa umechaguliwa kwa makini kwa sababu nafasi haikuruhusu mwingine, na aliyesalimiwa aliusikiliza hadi mwisho kwa sababu ulikuwa wake.

Lifanyeni kundi lenu liwe kadi ya salamu. Kila mmoja alete wimbo mmoja kwa juma, amtaje anayempelekea, na aandike sentensi moja ya kueleza cha kusikiliza ndani yake. Mfano: "Shemeji wa Seeb, bashraf hii ya Culture ni yako. Ifuate kanuni peke yake mpaka fidla zitakapoifunika." Ujumbe kama huo huchukua nusu dakika kuusoma, lakini shemeji wa Seeb hatapita bila kuusikiliza, na wengine watausikiliza kwa kutaka kujua kwa nini hawakupelekewa wao. Sentensi hiyo ndiyo yenye thamani. Wimbo wenyewe kila mtu anaweza kuupata, lakini sababu yako ya kuupenda haipatikani popote pengine.

Kuhusu yule wa nyimbo ishirini, msimtoe wala msimsute hadharani. Mtu mzima mmoja amwandikie faraghani na kumuuliza: katika hizi zote, kama ungekuwa ukumbini na noti moja tu mfukoni, ungeinuka kumtunza nani? Swali hilo linamheshimu, kwa sababu linachukulia kwamba ana sikio la kuchagua. Na wanaopokea nao watunze: badala ya kujibu kwa kidole gumba kila mara, waandike walichokisikia. Ninashauri pia kwamba Ijumaa kundi likae kimya hadi baada ya sala, ili wasiopenda kuchanganya mambo wasilazimike kuondoka.

Swali: Tuko Kisumu. Jumapili iliyopita tulibishana mezani kuhusu wimbo "Malaika". Mimi nilisema ni wa Miriam Makeba, kaka yangu akasema ni wa Fadhili William, na mjomba akashikilia kwamba ni wa Boney M. Atakayeshindwa atanunua soda za nyumba nzima.

Jibu: Mjomba anunue soda. Boney M waliurekodi mwaka 1981, wimbo ukiwa umeshazunguka dunia. Miriam Makeba ndiye aliyeufikisha mbali zaidi, na mwaka 1965 ulitoka pia katika albamu yake na Harry Belafonte. Kabla yao wote Fadhili William wa Kenya alikuwa ameurekodi Nairobi akiwa na Jambo Boys, na kwa rekodi hiyo kaka yako yuko karibu zaidi na ukweli. Asijitape sana, hata hivyo, kwa sababu utunzi wa wimbo huo umegombaniwa kwa miaka mingi, na miongoni mwa waliotajwa kuwa watunzi wake wa asili yumo Adam Salim. Kwa hiyo kaka anywe soda moja, asinywe mbili. Mkimaliza, usikilizeni wa Fadhili: unaenda kwa mwendo mwepesi, na huzuni ya kijana aliyekosa mali ya kuolea inapita humo bila kilio.

Swali: Mimi ni msichana wa Bujumbura. Mbona kila mnapozungumzia nyimbo za kutuliza mnataja za wazee? Za kwetu hazitulizi?

Jibu: Zinatuliza, na swali lako ni la haki. Anza na jirani yako: Kidum, mwana wa Burundi aliyejijengea jina Nairobi, aliimba "Nitafanya" pamoja na Lady Jaydee wa Tanzania, na ni wimbo ambao sauti mbili zinasikilizana kweli badala ya kila moja kusubiri zamu yake. "Cinderella" ya Ali Kiba bado inafaa Jumamosi jioni. Na usiuache "Maria Salome" wa Saida Karoli, ulioimbwa zaidi kwa Kihaya na kupendwa na watu wasiojua neno la Kihaya. Tofauti kubwa ninayoiona ni urefu: nyimbo nyingi za sasa hazifiki dakika nne, kwa hiyo zipange tatu au nne za mwimbaji mmoja zifuatane, upate nafasi ya kumzoea.

Swali: Naishi chumba kimoja Arusha, na muziki nausikiliza kwa simu niliyoiweka ndani ya sufuria ili sauti iongezeke. Je, nanunua spika, au sufuria yatosha?

Jibu: Sufuria huongeza ukali wa sauti za kati na za juu, lakini gitaa la besi haliwezi kulirudisha, kwa sababu kipaza sauti kidogo cha simu hakilitoi tangu mwanzo. Katika dansi la zamani besi ni nusu ya wimbo, kwa hiyo unasikiliza nusu. Kabla hujatumia pesa nyingi, jaribu hedifoni za waya, au tafuta redio ya zamani yenye tundu la kuchomekea waya wa simu. Ukinunua spika ndogo, iweke kwenye kona, karibu na ukuta, nawe utasikia besi ikijaa. Ikipita saa nne usiku itoe hapo uiweke katikati ya chumba, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa maana sauti ya mwimbaji huishia kwako, ilhali besi hupita ukutani hadi kwa jirani.